Plastiki ya kumi na nne



Tangu nilipokuja Unguja sikukuu, kila nyumba naulizwa: "Kweli wewe unatengeneza magari ya mashindano?" Kweli, lakini sijawahi kuliendesha hata moja. Kazi yangu ni kukata na kulaza vitambaa vya nyuzi za kaboni. Shangazi yangu kasema, "Kumbe ushonaji." Hakukosea sana.

Nilihamia Uingereza na mamangu nikiwa na miaka 12. Tunakaa Milton Keynes, na kutoka hapo hadi Silverstone na Oxford ndiko ziliko timu nyingi za Formula 1, na viwanda vidogo vinavyoziuzia vipande. Nilipomaliza skuli mama alitaka niende chuo kikuu kama watoto wa wenzake. Mimi nilikwama kwenye mkopo. Mikopo ya wanafunzi kule ina riba, na mimi riba siitaki. Mwalimu wangu wa hesabati ndiye aliyenionesha njia ya uanagenzi: kiwanda kinakuajiri na kukulipa mshahara, ada hulipi, na sehemu ya muda wako unasoma chuoni. Wanachoangalia kwanza ni hesabati na Kiingereza.

Marehemu baba alikuwa fundi wa daladala Mwanakwerekwe, naye alijifunza hivyo hivyo, ila malipo yake yalikuwa chai na mkate. Mama akasema, "Nimekuvusha bahari ili urudi gereji?" Mwezi mzima tukawa tunasalimiana tu.

Kitambaa cha kaboni huja kimeshalowa gundi, na hukaa ndani ya friza. Unakilaza ndani ya kalibu tabaka juu ya tabaka, kila moja nyuzi zake zikielekea upande uliopangwa, kwa sababu nguvu inafuata nyuzi. Kisha unafunga mfuko, unanyonya hewa yote, na kalibu linaingia kwenye tanuri lenye joto na mgandamizo. Kila tabaka huja na plastiki ya kinga ambayo lazima uibandue. Ikibaki ndani, tabaka hazishikani, na kipande kikitoka kwa macho kinaonekana kizima kabisa.

Mwaka wa pili, Ramadhani, jioni moja nilihesabu plastiki zangu. Tabaka 14, plastiki 13. Nikapekua pipa, nikaangalia chini ya meza, nikageuza hadi soli za viatu. Kalibu lilikuwa limeshafungwa, linangoja tanuri. Hakuna aliyejua ila mimi na Mola wangu. Chumba kizima mwanamke ni mimi peke yangu, mwenye mtandio ni mimi peke yangu, na nilishawasikia wakisema, "Tuone atafika wapi." Lakini kipande kile kinakwenda kwenye gari, na ndani ya gari mnakaa mtu mwenye mama yake.

Nikamwambia fundi mkuu. Tulifungua mfuko, tukabandua moja moja. Ilikuwa chini ya tabaka la tisa. Kazi ya siku mbili na kitambaa cha bei kubwa vikaenda pipani. Alichosema ni kwamba kuanzia kesho nihesabu kila tabaka kabla ya kulaza jengine. Nilifuturu kwa tende moja na maji ya bomba, nimesimama.

Mnaoniuliza kuhusu udhu: gundi ile ikiganda kwenye kucha maji hayapiti, kwa hiyo navaa glavu mbili. Mtandio wa kuning'inia ni hatari karibu na mashine inayozunguka. Najifunga kilemba kidogo, ncha ndani ya ovaroli. Nasali chumba cha huduma ya kwanza.

Wanawake wametutangulia. Leena Gade alikuwa mhandisi wa gari la Audi lililoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2025 timu ya Haas ikampa Laura Müller kazi kama hiyo kwenye Formula 1. Nilimwonesha mama picha yake, akauliza kama ameolewa.

Siku hizi mbio zikianza anakaa nami mbele ya televisheni na kahawa yake. "Chako kipi?" Namwonesha kwa kidole, gari limeshapita. "Mbona sijaona?" Basi tunangoja mzunguko mwengine.