Hodi ya Barua Pepe

Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, meneja wa uuzaji katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alipeleka ujumbe mmoja kwa watumiaji karibu 400 wa mtandao wa ARPANET. Aliwaalika waje California kutazama kompyuta mpya. Anwani zilikuwa nyingi hata hazikuenea mahali pake, zikafurika mpaka ndani ya barua yenyewe. Wapokeaji wengi walikasirika, maana hakuna aliyeiomba habari ile, na mtumaji akakanywa. Walakini Thuerk mwenyewe alisema baadaye kuwa kompyuta za mamilioni ya dola ziliuzwa kwa sababu ya ujumbe huo. Faida ya mwenye kutuma na karaha ya mwenye kupokea zilizaliwa siku moja, kama pacha.

Mtu aliyekodiwa kuwaandikia wenye maduka barua pepe za biashara hukaa baina ya pacha hawa. Mwenye duka humlipa. Msomaji hamlipi kitu. Ni rahisi basi kudhani kuwa ana bwana mmoja tu. Kazi humfundisha kinyume cha hayo, na aghalabu humfundisha kwa hasara.

Mathalani, mteja huja na anwani elfu ishirini alizozinunua, akazitazama kama mkulima atazamavyo ghala iliyojaa. Barua zikitumwa, nyingine hurudi kwa kuwa anwani zimekufa, na nyingine huwafikia watu wasiomjua mwenye duka, nao huzitangaza kuwa taka. Matangazo hayo huhesabiwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimewataka watumaji wakubwa wathibitishe majina yao, waweke njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko yasifike 3 kwa kila barua 1,000. Apitaye kiwango hicho huanza kutupiwa pembeni hata barua za wateja waliozitaka kwa hiari. Sheria nazo zimeingia: Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Juu ya ufundi wa maneno, unyenyekevu hufaa zaidi kuliko kipaji. Barack Obama alipogombea urais mara ya pili, mwaka 2012, waandishi wake walijaribu kwanza namna kadhaa za barua kwa sehemu ndogo ya orodha, na mara nyingi walikosea kubashiri ipi ingeshinda. Kichwa kimoja kilichofaulu sana kilikuwa salamu ya neno moja tu, kama vijana waamkianavyo njiani. Hesabu ya barua zilizofunguliwa nayo si ya kutegemewa: tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha za barua kabla msomaji hajaigusa, na mashine ikahesabiwa kuwa mtu.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote ni kuaga. Pwani mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hugeuka akaenda zake, wala haoni kuwa ametukanwa. Vivyo hivyo mwandishi mwaminifu huwapelekea wale walionyamaza mwaka mzima barua fupi ya mwisho, kuwauliza kama wangali wakitaka kuandikiwa. Wasiojibu hufutwa. Hapo mteja hupiga kelele. Jana alikuwa na elfu ishirini, leo ana elfu sita, na huona ameibiwa. Huuliza kwa nini njia ya kujitoa isiandikwe kwa herufi ndogo za kijivu, chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Waandishi wengi hukubali, na woga wao unafahamika, kwa kuwa kodi ya nyumba hailipwi kwa adabu.

Akatazaye huweza kupoteza kazi siku hiyohiyo. Asipoipoteza, huandika barua ya kwanza kwa wale elfu sita, akaiweka njia ya kujitoa juu, penye mwanga. Wachache huondoka. Wengine hujibu: mmoja huuliza kama duka hufunguliwa Jumapili, mwingine hulalamikia kiatu kilichobanduka soli. Na mwenye duka, ambaye wale elfu ishirini hawakupata kumjibu neno, hukesha akiwajibu.