Jumapili na Baiskeli, Mama Ngina

Je, wewe ulijifunza baiskeli ukiwa na umri gani? Mimi nilikuwa na miaka 34. Nyumbani kwetu baiskeli ilikuwa ya kaka. Msichana akiigusa tu, alifokewa. Mwalimu wangu amekuwa binti yangu wa miaka 11, na mkali si haba!

Jumapili twaanza saa kumi na mbili unusu, kabla tuktuk hazijaamka, tukitokea upande wa Feri. Barabara ya Mama Ngina haina mlima. Kulia ni mlango wa bahari ziingiapo meli za Kilindini. Kando ya njia, mibuyu mikongwe. Mihogo ya pilipili na ndimu ngojea jioni. Twapita mnara wa taa hadi Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593.

Ndia Kuu ni nyembamba, hivyo karibu na Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, tulishuka tukazikokota. Bibi mmoja barazani alinikazia macho. Nikajua leo nitasemwa.

"Mwanangu," akasema, "na mimi n'tafunzwa lini?"

Binti yangu akamjibu, "Jumapili ijayo, bibi. Lakini buibui ulifunge."