Picha ya Dhahabu Katika Mtaa wa Biryogo

Mgeni afikaye Biryogo, mjini Kigali, hupokewa kwanza na harufu ya mishikaki na ya chai ya nanaa. Ni mtaa wa kale wa Waislamu, na Kiswahili kimezoeleka humo tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2021 magari yalizuiwa kupita katika baadhi ya barabara zake, lami ikapakwa rangi za kila namna. Mimi nilipita juu ya rangi hizo nikiwa nimekumbatia picha iliyofungwa kwa kanga, na moyo mzito.

Picha hiyo si yangu. Ni amana niliyoachiwa na jirani yangu, mwenyeji wa Tamil Nadu, alipokwenda kwao India. Nikaiangusha siku ya kuhama nyumba. Kioo kilivunjika, na kipande cha taji kikabanduka.

Asili ya picha za namna hii ni mji wa Thanjavur, kusini mwa India, ambako zilistawi chini ya wafalme wa Kimaratha, waliotawala huko tangu karne ya 17. Fundi hugandisha kitambaa juu ya ubao, zamani wa mfenesi, kisha huchora mungu. Mara nyingi ni Krishna akiwa mtoto mnene, mwenye macho makubwa. Mapambo yake hayachorwi tu. Huumbwa kwa rojo ya unga wa chokaa na gundi mpaka yakatuna, hupachikwa vito au vioo, kisha hufunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Ndiyo maana picha hung'aa hata kwa mwanga wa utambi, na ndiyo maana ikianguka huumia kama chungu.

Seremala, mzee mwenye baraghashia, aliitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “kuunda sanamu siwezi. Lakini amana ni amana. Fremu nitakutengenezea.”

Akaweka vibao vyembamba pembeni ili kioo kipya kisiyaguse yale matuta, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Kipande cha taji hakukigusa. Alinisogezea karatasi nikifunge mwenyewe. Bei yake hakuipunguza hata faranga moja.

Sasa picha iko ukutani kwangu. Kipande kimo katika bahasha nyuma yake, na barua ya kumweleza mwenyewe nimeianza mara tatu.