Basari si Mfuko wa Mheshimiwa

Komredi, siasa zikianza kupamba moto tunajua sana kupiga picha magari. Pick-up yenye nambari ya kaunti imeegeshwa nyuma ya jukwaa, imebandikwa bango la mgombea, nasi tunaisambaza na kuuliza IEBC iko wapi. Swali ni halali. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 14, inamkataza mgombea kutumia rasilimali za umma kwa kampeni. Gavana, mbunge au mwakilishi wadi anayegombea anatakiwa hata kuiorodheshea tume vifaa alivyo navyo kwa sababu ya cheo. Kifungu cha 15 nacho kinamkataza afisa wa umma kuanzisha mradi mpya kwa pesa za umma ili kumpigia mtu debe.

Lakini kuna mali ya umma isiyo na nambari ya usajili, na hiyo ndiyo inatuhusu sisi zaidi. Naongea juu ya basari.

Mwaka jana mama alipigiwa simu kwamba cheki za wadi yetu zitatolewa uwanjani Jumamosi, na kila mzazi aje mwenyewe. Alifunga kibanda chake cha mboga, akafika saa tatu asubuhi. Majina yalianza kusomwa saa nane, baada ya hotuba, ngoma, na kofia za rangi ya chama. Cheki yangu ilikuwa ya shilingi elfu tano. Mheshimiwa alimkabidhi mbele ya kamera, akamwambia asimsahau.

Jioni mama akanipigia kwa furaha: "Mheshimiwa amekulipia karo."

"Mama, hizo ni pesa za kaunti. Ni ushuru wako wa soko."

Akanyamaza kidogo. "Sawa, lakini anayeandika majina ni nani? Na mwaka ujao utahitaji tena."

Sikuwa na jibu. Yaani mama anaelewa mambo vizuri kuliko vile nilidhani.

Sasa fikiria: cheki ile iliandikwa jina la chuo, si langu wala la mama. Mwisho wa safari yake ni ofisi ya fedha hapa hapa kampasi. Ingeweza kutumwa moja kwa moja. Ilipitishwa uwanjani ili shukrani zibaki huko.

Wapo wanaosema tukibana hivi tutaua siasa mashinani. Hapana. Uwanja wa kaunti ukikodishwa kwa kila chama kwa bei moja, sina neno. Hapo mali ya umma inawahudumia wote. Shida ni kitu ambacho mgombea mmoja tu anashika ufunguo wake. Mwalimu au karani wa kaunti akitaka kiti lazima ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Gavana na mwakilishi wadi hawalazimiki. Wanaomba kura wakiwa bado ofisini. Tena kifungu cha 14 kinaongea juu ya wakati wa uchaguzi, ilhali kwetu kampeni huanza mapema mno, kalenda ya tume ikiwa bado kabatini.

Kwa hivyo chama chetu cha wanafunzi kiziandikie kaunti kudai mambo matatu. Basari itumwe chuoni moja kwa moja. Orodha ya waliopata ibandikwe ofisi ya wadi kwa nambari za usajili wa chuo, pamoja na kigezo kilichotumika. Na mwanasiasa yeyote asiikabidhi kwa mkono, iwe msimu wa uchaguzi au la.

Tutapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Anayesoma kwa basari anafaa kuwa huru kumchagua mpinzani wa Mheshimiwa, na mzazi wake asilale akihesabu kama muhula ujao jina litakuwepo.