Kielezi Kilichohamishwa

Muhula wa pili wa mwaka 2009, mwalimu mmoja mwanagenzi aliripoti katika shule ya upili ya bweni isiyokuwa mbali na mji wa Kakamega ili afanye mazoezi ya kufundisha. Masomo yake chuoni yalikuwa Kiswahili na Historia. Kiingereza hakukisomea. Hata hivyo, mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu alikuwa katika likizo ya uzazi na, kama ajuavyo kila aliyepitia mazoezi hayo, mwanagenzi hana kinywa cha kukataa kipindi. Akapewa chaki, kitabu cha kiada na vipindi sita kwa juma.

Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, nayo ikishuka juu ya bati, sauti ya mwalimu humezwa. Kwa hiyo alijizoeza kuandika kanuni ubaoni badala ya kuieleza, wanafunzi wakinakili huku paa likivuma. Mojawapo ya kanuni hizo ilisema kwamba vielezi vya Kiingereza kama vile "always", "often", "never" na "almost" hukaa kabla ya kitenzi cha wakati uliopita. Ilikuwa kanuni nadhifu, ikaaye katika mstari mmoja, na mwanagenzi aliipenda kwa sababu ilimpa kitu cha kusahihisha kwa wino mwekundu.

Na cha kusahihisha kilikuwa tele. Anayefikiri kwa Kiswahili hukizoea kielezi nyuma ya kitenzi: alikuja mapema, alisoma sana. Hata baina ya kitenzi na yambwa kielezi hukaa bila kugombezwa. "Alifungua mlango polepole" na "alifungua polepole mlango" zote zapita. Kiingereza hakitaki kabisa mgeni aketi hapo katikati, na ndiyo maana "He opened slowly the door" iliandikwa katika madaftari kumi na mawili siku moja. Isitoshe, mengi ambayo Kiingereza huyapanga mbele ya kitenzi, Kiswahili huyameza ndani ya kitenzi chenyewe. Mazoea hukaa katika hu-. Jambo lililokwisha kutimia hukaa katika -mesha-, ambayo ni -mekwisha iliyofupishwa kwa wepesi wa ulimi. Lililosubiriwa lisitokee hukaa katika -ja-, likisindikizwa na "bado" akipenda msemaji. Ukiongeza kwamba katika lahaja za Kiluhya kitenzi chenyewe huweza kupambanua tendo la leo na tendo la zamani, utaona kwamba mtoto wa Isukha hufika kidato cha tatu akiwa na sarufi mbili ambazo kielezi hakina haja ya kupigania nafasi mbele ya kitenzi. (Wanahabari, kwa upande wao, wamekwenda kinyume: "waziri jana alisema" imeenea magazetini mwetu, na yaelekea imefuata Kiingereza cha magazeti kuliko kinywa cha mtu yeyote wa Lamu au Mombasa.)

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja aliyelelewa na mjomba wake. Serikali ilikuwa imeanza mwaka 2008 kugharimia masomo ya sekondari kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, lakini gharama za bweni zilibaki mzigo wa mlezi. Msichana aliandika barua kwa kamati ya msaada wa karo, kisha akamletea mwalimu aisahihishe kabla ya kuinakili kwa kalamu safi. Sentensi ya tatu ilisema: "My uncle paid almost all the fees." Mwanagenzi akaona kielezi nyuma ya kitenzi. Akakizungushia duara jekundu, akachora mshale, akakipeleka mbele: "My uncle almost paid all the fees." Hakuchukua hata nusu dakika. Msichana alishukuru, akanakili, akatuma.

Barua ilirudi baada ya majuma matatu ikiwa imebanwa pamoja na taarifa ya karo kutoka kwa mhasibu wa shule. Katibu wa kamati alikuwa ameandika kwa penseli pembeni kwamba barua yasema mlezi hakulipa, taarifa yasema amelipa, mwombaji aeleze. Ombi lilikuwa limewekwa kando.

Kwa aliyebobea katika Kiingereza, kosa hilo ni la kitoto. Neno "almost" hugusa kile kinacholifuata. Likitangulia "all", lililopungukiwa ni karo: imelipwa, imebaki kidogo. Likitangulia "paid", lililopungukiwa ni tendo lenyewe: alikaribia kulipa, hakulipa. Vielezi vya mazoea havina hatari hiyo, na kanuni ya ubaoni iliwafaa. Mwanagenzi alikuwa amekitia kielezi cha upungufu katika kapu moja nao. Linalouma zaidi ni kwamba lugha aliyoisomea ingemzindua. Kiswahili hakiruhusu maana hizo mbili zigombanie neno moja kwa kuhama hatua moja. Likipungua tendo, husemwa "nusura alipe", na kitenzi hulazimika kuvua -li- na kuvaa umbo la dhamira tegemezi, kwa kuwa jambo halikuwa. Ikipungua karo, husemwa "alilipa karibu karo yote", na -li- hubaki mahali pake, shahidi kwamba fedha zilitoka mkononi. Lau angeitafsiri sentensi ya msichana kichwani kabla ya kuchora mshale, mkono ungesita.

Jumamosi mjomba alifika shuleni. Alikuja kwa bodaboda ya baiskeli, stakabadhi zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaketi katika chumba cha walimu akiwa ameshika kofia magotini. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, Kiswahili anakijua vyema, Kiingereza kidogo. Mwaka huo alikuwa ameuza fahali wake ili alipe karo. Tena hakuwa fahali wa plau. Alikuwa fahali wa kupigana, na ajuaye Waisukha na Waidakho wanavyomwenzi fahali wa namna hiyo, kwa nyimbo na isikuti, ataelewa kilichouzwa.

"Mwalimu," alisema, akionyesha sentensi ya tatu kwa kidole, "hapa pameandikwa nini?"

Mwanagenzi angeweza kujikwepesha. Alitafsiri: "Nusura mjomba wangu alipe karo yote."

"Nusura?"

"Ndiyo, Mzee. Lakini mtoto hakuandika hivyo. Mimi ndiye niliyemsahihisha."

Mjomba alimtazama msichana aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akaitazama barua. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama kamati husoma Kiswahili. Alipoambiwa kwamba inasoma, alitaka barua mpya iandikwe kwa lugha hiyo, hapo hapo, naye aisome kabla bahasha haijafungwa.

Msichana aliandika, mwalimu akikaa mbali na kalamu yake. Alipofika pale pale aliandika: "Mjomba wangu alilipa karibu karo yote." Mjomba aliisoma kwa sauti, akairudia.

"Hiyo 'karibu' iondoe," alisema. "Andika shilingi. Zimebaki 2,300."

Mwanagenzi aliambatisha karatasi yake mwenyewe, iliyotiwa sahihi, ikieleza kwamba sentensi ya kwanza iliharibiwa na msahihishaji. Kamati ilikuwa imepanga kukutana tena Septemba, na mazoezi yake yalikwisha mwanzoni mwa Agosti. Katika kipindi chake cha mwisho aliwataka wanafunzi wafungue ukurasa wenye kanuni ya vielezi, wakate neno "almost". Mvua ilikuwa imeanza. Safu za nyuma hazikusikia, ikambidi apite dawati kwa dawati akiwaonyesha kwa kidole.