Kashiwa, mji wa Mfalme wa Jua alikong'aa Olunga

Kabla ya Agosti 2018, Wakenya waliokuwa wamelisikia jina Kashiwa walikuwa wachache mno. Mwezi huo straika Michael Olunga alihamia huko, na kwa zaidi ya miaka miwili jina hilo likawa halikosi katika mazungumzo ya mashabiki wa kandanda kutoka Kisumu hadi Mombasa.

Watu walihesabu mabao yake kila wiki. Lakini ni wangapi waliojiuliza Kashiwa yenyewe ni mahali gani, na hiyo klabu ya jezi za manjano ilitoka wapi?

Kashiwa ni mji wa mkoa wa Chiba, takriban kilomita 30 kaskazini mashariki mwa kitovu cha jiji la Tokyo. Ukipanda treni ya njia ya Joban katika stesheni ya Ueno, utafika baada ya nusu saa hivi. Jina la mji ni jina la mti, aina ya mwaloni wenye majani mapana. Kila tarehe 5 Mei, siku ya watoto, Wajapani hula donge la unga wa mchele lililojazwa maharagwe matamu na kufungwa katika jani la mti huo.

Mji una wakazi zaidi ya 430,000. Wengi wao huamka alfajiri, wakajisukuma ndani ya treni na kwenda Tokyo kazini, kisha wakarudi usiku. Wajapani wenyewe huiita miji ya aina hii miji ya kulala. Anayeishi Ongata Rongai au Kitengela na kufanya kazi Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukishuka stesheni utatokea juu ya daraja pana la waendao kwa miguu, lililojengwa mwaka 1973. Lilikuwa la kwanza la aina yake nchini Japan, nalo linaunganisha stesheni na maduka makubwa bila mtu kukanyaga barabara ya magari. Mwaka huo huo lilifunguliwa hapo duka kubwa la Sogo, lenye mkahawa uliokuwa ukizunguka polepole juu ya paa. Sogo lilifungwa mwaka 2016 na wazee wa mji walilia nalo. Siku ya mechi, daraja hilo hujaa watu waliovaa manjano.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu, ukipita katikati ya nyumba za watu. Uwanja wenyewe umejificha katika mtaa wa makazi. Anayeizoea Kasarani anaweza kuudhani uwanja wa shule.

Ulifunguliwa mwaka 1985 na unaingiza watu 15,000 hivi. Tangu 2018 jina lake rasmi ni Sankyo Frontier Kashiwa Stadium, kwa sababu ya mkataba na kampuni moja ya mji huo, lakini wenyeji wangali wanauita Hitachidai, maana yake mwinuko wa Hitachi. Hauna njia ya wanariadha kuzunguka nyasi. Shabiki wa mstari wa mbele yuko hatua chache tu kutoka kwa mchezaji anayerusha mpira. Humsikia kocha akifoka, na mchezaji naye humsikia shabiki, neno kwa neno.

Ukitaka kuielewa klabu hii anza na udogo huo wa uwanja, kwani raha yake na shida zake zote mbili zimetokana nao.

Hitachi ni kampuni kubwa ya mitambo ya umeme na treni, iliyoanzishwa mwaka 1910 na Namihei Odaira kutokana na karakana ya mgodi wa shaba. Mwaka 1940 wafanyakazi wake waliunda timu ya kandanda. Ligi ya taifa ya Japan ilipoanzishwa mwaka 1965, Hitachi ilikuwa miongoni mwa timu nane za kwanza. Ilitwaa ubingwa mwaka 1972 pamoja na Kombe la Mfalme Mkuu, na kombe hilo ikalichukua tena mwaka 1975.

Siku hizo mchezaji alikuwa mwajiriwa wa kampuni kama karani yeyote. Sisi tulioshuhudia timu za viwanda vya sukari na vya nguo zikinawiri na kunyauka pamoja na viwanda vyenyewe tunaujua mpango huo, na tunaijua hatari yake.

Timu ilikuwa na makao Kodaira, upande wa magharibi wa Tokyo. Mwaka 1986 ilihamia Kashiwa, katika uwanja uliotajwa. Kisha yakaja mageuzi makubwa. Ligi mpya ya kulipwa, J-League, ilianza mwaka 1993 ikiwa na klabu kumi, na moja ya kanuni zake ilikuwa kwamba klabu ijitambulishe kwa jina la mji wake, si la kampuni.

Hitachi haikuwa miongoni mwa hizo kumi. Ilibaki nje ikigonga mlango, na ikabadilisha jina kuwa Kashiwa Reysol. Reysol imeundwa kwa maneno mawili ya Kihispania, mfalme na jua. Hapo kuna ujanja kidogo: maandishi ya Kijapani ya jina Hitachi yana alama ya jua na alama ya kusimama. Kampuni iliondolewa kwenye jina, lakini mwenye macho akiangalia vizuri ataiona ingali pale!

Klabu ilimleta Careca, Mbrazili aliyecheza na Diego Maradona katika Napoli ya Italia, ikapanda hadi ligi kuu mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye akaja Hristo Stoichkov wa Bulgaria. Fikiria nyota wa namna hiyo akifanya mazoezi katika mtaa ambapo akina mama wanaanika nguo ng'ambo ya barabara. Mwaka 1999, chini ya kocha Akira Nishino, ambaye zamani alichezea Hitachi, klabu ilishinda Kombe la Ligi baada ya kuilaza Kashima Antlers kwa mikwaju ya penalti.

Baada ya hapo mambo yakaenda mrama. Mwaka 2005 Reysol ililazimika kucheza na Ventforet Kofu mechi mbili za kuamua nani abaki ligi kuu. Ilishindwa ya kwanza 2-1. Ya pili ilichezwa nyumbani, na Mbrazili wa Kofu aitwaye Baré alifunga mabao sita peke yake. Matokeo yakawa 6-2. Katika uwanja ambao shabiki yuko hatua chache kutoka langoni, hakuna pa kuficha uso siku kama hiyo.

Ndani ya timu hiyo alikuwamo kijana Hidekazu Otani, kiungo aliyepandishwa kutoka timu ya vijana mwaka 2003. Msomaji mkumbuke huyu. Alishuka daraja na klabu mwishoni mwa 2005, akapanda nayo mwaka uliofuata. Ilishuka tena mwishoni mwa 2009 naye akabaki. Alikuwa nahodha wake kwa miaka mingi na hakuwahi kuchezea klabu nyingine yoyote hadi alipostaafu mwaka 2022. Sijui kama fedha zinaweza kununua mtu wa aina hiyo.

Kocha Mbrazili Nelsinho Baptista alikuwa amefika katikati ya 2009, akashindwa kuzuia anguko, lakini klabu haikumfukuza. Wengi wetu tungemfukuza. Mwaka 2010 alitwaa ubingwa wa daraja ya pili, na 2011 ikaanza Reysol ikiwa mgeni tena katika ligi kuu.

Raundi moja tu ilikuwa imechezwa tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga Japan tarehe 11 Machi 2011, likafuatwa na gharika ya bahari na mlipuko katika mitambo ya nyuklia ya Fukushima. Ligi ilisimamishwa hadi mwishoni mwa Aprili.

Kashiwa iko karibu kilomita 200 kutoka Fukushima, hivyo watu walidhani wako salama. Lakini upepo ulibeba chembe za sumu ya nyuklia hadi juu ya mji, na mvua ya tarehe 21 Machi ikaziteremsha ardhini. Vipimo vilipotolewa, Kashiwa na miji jirani ilikuwa na viwango vya juu kuliko sehemu nyingine za karibu na Tokyo. Jina la mji likaanza kutajwa magazetini kwa ubaya.

Wazazi waliogopa kuwaacha watoto wao wacheze mchangani. Udongo wa juu katika shule na bustani ulilazimika kuondolewa. Mashamba ya pembezoni mwa mji, ambayo ni mashuhuri kote Japan kwa mboga iitwayo kabu, mzizi mweupe wa duara unaofanana na figili, yalikosa wanunuzi. Baadhi ya wakulima na wakazi waliketi pamoja wakaanza kupima udongo na mboga shamba kwa shamba ili mlaji ajionee mwenyewe.

Wakati huo huo timu ya mji huo ilikuwa ikishinda. Leandro Domingues, Mbrazili aliyechaguliwa baadaye mchezaji bora wa mwaka, na mwenzake Jorge Wagner walikuwa wakiwachezesha vijana waliokulia katika akademia ya klabu: Otani, beki Hiroki Sakai na mshambuliaji Masato Kudo. Tarehe 3 Desemba, siku ya mwisho, Reysol iliingia katika uwanja mkubwa wa Urawa Reds huku timu tatu zikiwa bado zinawania taji. Ilishinda 3-1. Jedwali lilisoma hivi: Kashiwa pointi 72, Nagoya 71, Gamba Osaka 70.

Hakuna klabu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo katika J-League, kupanda daraja mwaka huu na kuwa bingwa mwaka ujao. Siku kumi na moja baadaye ilikuwa ikicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Santos ya Neymar. Ilishindwa 3-1, bao lake likifungwa na Sakai kwa kichwa. Udongo wa bustani ulikuwa bado unachimbwa mwezi huo, na wasiwasi haukuisha, lakini angalau jina Kashiwa lilisomwa magazetini kwa sababu nyingine.

Kudo, aliyefunga bao la pekee katika fainali ya Kombe la Ligi ya 2013, alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 32 tu baada ya kuugua.

Sasa turudi kwa Mkenya wetu. Olunga alikuwa amepitia Tusker, Thika United, Gor Mahia, Sweden, China na Uhispania, na alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza. Alifika Kashiwa wakati mbaya. Klabu ilikuwa ikizama, na mabao yake matatu hayakutosha kuiokoa. Ilishuka mwishoni mwa 2018.

Angeweza kuomba kuondoka. Alibaki, akaenda nayo daraja ya pili chini ya Nelsinho yule yule, aliyekuwa amerudishwa. Mwaka 2019 alifunga mabao 27 na klabu ikawa bingwa. Siku ya mwisho, tarehe 24 Novemba, Kyoto Sanga walikuja Hitachidai wakanyeshewa 13-1. Olunga peke yake alipachika manane, rekodi ya J-League kwa mechi moja. Wale waliokumbuka mabao sita ya Baré katika nyasi hizo hizo bila shaka walilala usingizi mzuri.

Mwaka 2020 alifunga 28 katika mechi 32 za ligi kuu, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka. Aliyemfuata alikuwa na 18. La kusikitisha ni kwamba huo ulikuwa mwaka wa Korona. Ligi ilisimama kwa miezi minne, ikarejea bila watazamaji, kisha wachache wakaruhusiwa na kuambiwa wapige makofi tu bila kuimba. Msimu bora kuwahi kuchezwa na Mkenya nchini Japan ulichezwa karibu kimyakimya, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya kelele.

Januari 2021 alinunuliwa na Al-Duhail ya Qatar. Hapo ndipo udogo wa nyumba unapouma. Uwanja wa watu 15,000 hauwezi kukusanya pesa za kiingilio kama Urawa, na klabu kama hii hulea, kung'arisha, kisha kuuza. Mwaka 2023 ilimaliza ya 17 kati ya timu 18 na kuponea kwa sababu timu moja tu ilishushwa mwaka huo. Mwaka 2024 ilikuwa ya 17 tena, safari hii kati ya 20.

Nje kidogo ya mji, upande wa Kashiwanoha, kuna uwanja mwingine mkubwa zaidi uliojengwa na serikali ya mkoa, nao klabu imewahi kuutumia kwa baadhi ya mechi. Ingali inarudi mtaani kwake, na kwa maoni yangu inafanya vyema. Mwaka 2025, chini ya Mhispania Ricardo Rodríguez, ilimaliza ya pili, pointi moja tu nyuma ya mabingwa Kashima Antlers.

Anayepanga kuzuru ajue kwamba J-League iliamua kuhamisha msimu wake uanze Agosti kuanzia 2026, badala ya Februari. Tikiti inunuliwe mapema, hasa Urawa wanapokuja. Shuka Kashiwa, tokea upande wa mashariki kwenye lile daraja, kisha wafuate wenye jezi za manjano.