Sufu kwa Chai: Safari Yangu ya Kwanza Visiwa vya Shetland

Meli ya Shetland huondoka Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Uskochi, saa moja jioni, ikaingia Lerwick saa moja na nusu asubuhi ya pili. Katikati hapo ni Bahari ya Kaskazini tupu, bahari isiyojali mgeni wala mwenyeji. Mimi niliipanda mwezi wa Juni, maji yametulia, kwa hiyo baada ya chakula abiria walitawanyika ukumbini kwa raha zao. Haikuchukua muda nikawatambua wenzangu. Huku mmoja, kule wawili, wamechomoa sindano na bonge la uzi mikobani na wanafuma huku macho yako dirishani. Nami nikatoa soksi yangu. Mama mmoja wa makamo aliyekaa jirani akaitupia jicho, akaniuliza kama nimeianzia vidoleni au juu kwenye ukingo. Nikajua safari yetu ni moja.

Visiwa hivyo nilikuwa nimevisikia kwa miaka. Ukishaanza kufuma kwa kujifurahisha, jina la Shetland hulikosi: liko kwenye karatasi zinazofungia mabonge ya uzi, liko kwenye vitabu vya nakshi, liko midomoni mwa kila mfumaji mzoefu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako mwezi wa Julai mtu hatoki nje asubuhi bila sweta. Mama yangu alifuma masweta ya watu, na vitambaa vya makochi, na kofia za watoto wachanga. Alinifundisha nikiwa mdogo, nikaacha, nikaja kurudia ukubwani hapa Glasgow, ambako kazi yangu ni kutunza wazee na usiku wa majira ya baridi ni mrefu kupita kiasi.

Niliyoyamaliza tangu hapo hayanitii haya. Kuna sweta la kijani lenye vifungo ambalo nalivaa mpaka limekwisha viwiko. Kuna kofia zisizo na idadi, maana kofia huisha kwa jioni chache na kila rafiki ana kichwa. Kuna shali moja ya vitobo, kazi ya subira, ambayo haijawahi kutoka nje ya kabati. Kinachonitia haya ni uzi ambao haujafumwa. Uko chini ya kitanda, uko juu ya kabati, uko ndani ya sanduku ambalo zamani lilikuwa la safari. Sehemu kubwa nimeununua kwenye maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa bure na watu. Bibi mfumaji akifariki, wanawe hukusanya akiba yake yote na kuipeleka huko, na sisi tulio hai tunainunua kwa bei ya kutupa. Mara nyingine ndani ya mfuko unakuta mkono mmoja wa sweta, nusu umefumwa, sindano bado ziko ndani. Wafumaji wa Uingereza wana mzaha wao kuhusu mtu ambaye uzi wake umezidi miaka aliyobakiza kuishi. Wengi wetu tunacheka, kisha tunakwenda dukani tena.

Lerwick ni mji wa mawe ya kijivu ulioegemea bahari, wenye wakazi wapatao 7,000 kati ya 23,000 wa visiwa vyote. Visiwa vyenyewe vinapita 100, lakini vinavyokaliwa na watu ni 16 hivi. Miti ni ya kutafuta. Kondoo ndio wengi, kuliko binadamu. Jambo lililonichekesha nilipolisoma ni jinsi Uskochi ilivyovipata: mwaka 1469 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwe, alimwoza binti yake Margaret kwa mfalme wa Uskochi. Kwa desturi yao mali ilitoka upande wa mke, na baba hakuwa na fedha taslimu. Akaviweka visiwa rehani. Deni halikulipwa hata leo, na Norwe haikuvipata tena. Wazee wa kwetu wanaopanga mahari kwa awamu wangemwelewa mfalme huyo vizuri.

Kukosa giza ndiko kulikonishinda. Huko ni digrii 60 kaskazini, na Juni jua huzama saa nne na nusu usiku, halafu mwanga haumaliziki, unabaki ukizagaa ukingoni mwa bahari mpaka jua lichomoze tena. Mtu aliyekulia mahali ambapo magharibi huingia saa kumi na mbili na nusu, masika na kiangazi, hupoteza hesabu. Nilifuma dirishani usiku wa manane bila kuwasha taa.

Kituo changu cha kwanza mjini kilikuwa ghala la Jamieson & Smith. Hawa ndio wanunuzi wakubwa wa sufu ya visiwani, wameifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1930. Wenye vishamba huleta sufu yao kila msimu, nayo huchambuliwa kwa mkono. Mchambuzi huishika, huivuta kidogo, huitazama kwenye mwanga, kisha huirusha kwenye fungu lake. Sufu ya shingoni na mabegani ndiyo laini kuliko zote, hiyo ni ya shali za vitobo. Ile ngumu ya nyuma huishia kwenye mazulia. Baada ya ghala ni duka, na ukuta mzima wa mabonge ya gramu 25, rangi zaidi ya 90. Nilisimama pale muda ambao siwezi kuutaja mbele ya mume wangu.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la visiwa, kando ya gati ya zamani. Humo kuna nakala za mavazi ya mtu aliyefukuliwa mwaka 1951 huko Gunnister, ndani ya udongo mweusi ambao watu wa huko huuchimba, huukausha na kuuwasha badala ya kuni. Mwenyewe alikuwa ameoza zamani, sufu yake imebaki: kofia, glovu, soksi ndefu, na kijifuko kilichofumwa kwa rangi zaidi ya moja. Ndani ya kijifuko zilikutwa sarafu za Uholanzi na Uswidi, mpya kuliko zote ikiwa ya mwaka 1690. Nakshi ya kijifuko kile ni ya mistari midogo tu, lakini ndiyo kazi ya zamani kuliko zote ya aina yake iliyowahi kuonekana visiwani.

Picha za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ndizo zilizonigandisha. Wanawake wametoka kuchimba udongo ule, kikapu kimejaa mgongoni, kamba imepita kifuani, na mikono yote miwili inafuma. Wanatembea wanafuma. Siri yao ni mkanda wa ngozi uliojazwa singa za farasi na kutobolewa matundu. Sindano ya kulia huchomekwa tunduni, ikatulia, na mkono unabaki na kazi ya kupitisha uzi tu. Mkanda huo bado unatumika. Mtu akiuzoea hufuma kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Picha hizo ziliwahi kuuzwa kama kadi za posta, watalii wakifurahia bidii ya akina mama wa visiwani.

Maelezo yaliyo pembeni mwa picha yalisema habari nyingine. Wanawake hao walifuma kwa kuwa shamba dogo lisingelisha nyumba, na waume walikuwa baharini wakivua. Shali na soksi zilipelekwa kwa wenye maduka wa Lerwick, nao hawakulipa fedha. Walilipa bidhaa zao wenyewe: vitambaa, utepe, chai. Chai hasa. Kuna waliofumia sufu yao wenyewe, na kuna waliopewa sufu na mwenye duka, wakamrudishia shali na kulipwa ujira wa kufuma tu. Mama mwenye watoto wenye njaa alitoka dukani na paketi za chai, akaanza kuzunguka kwa majirani akizibadilisha kwa unga au viazi, na mara nyingi kwa hasara. Mwaka 1872 Bunge la Uingereza lilipata ripoti nzima juu ya jambo hilo, baada ya kamishna kufika visiwani na kuwahoji wavuvi, wenye maduka na wafumaji wenyewe. Ushahidi wao umechapishwa, swali kwa jibu. Desturi yenyewe iliendelea miaka mingi baada ya hapo.

Niliyasoma hayo nikiwa nimesimama, nikayarudia. Mama yangu hakuwahi kuwa na akiba ya uzi. Mteja alikuja na uzi wake, au alitoa kwanza fedha ya kuununulia, na uliobaki ulirudi kwake. Kila uzi ulikuwa na mwenyewe kabla haujavuka kizingiti chetu. Malipo yalikuja mwisho wa mwezi, au baada ya mavuno, au kwa debe la maharage. Alifunga hesabu ya ada zetu za shule kwa njia hiyo, na sijawahi kumwona akijifumia sweta. Nilipokuwa mdogo nilidhani halimpendezi.

Kisiwa cha Fair Isle sikukifika. Kiko mbali baharini, katikati ya Shetland na Orkney, wakazi hawazidi 60 hivi, na ukungu ulinizuia. Lakini nakshi zake ziko kila mahali mjini: mistari ya misalaba na maua yenye pembe nane, rangi nyingi, ingawa kila mstari hutumia nyuzi mbili tu kwa wakati mmoja. Sweta hufumwa kwa mzunguko tangu chini bila mshono, kisha mahali pa mikono au vifungo hukatwa kwa mkasi. Ndiyo, mkasi, kwenye sweta lililokwisha kufumwa. Sufu ya Shetland ina vinyweleo vinavyong'ang'aniana, kwa hiyo vitanzi havikimbii.

Watu walipenda kusimulia kwamba nakshi hizo zililetwa na mabaharia wa Hispania, ambao meli yao, El Gran Grifón, ilivunjikia Fair Isle mwaka 1588. Meli ilivunjika kweli. Ushahidi kwamba Wahispania walifundisha kufuma hakuna. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaijua hadithi ya namna hiyo, maana magofu yetu ya Pwani nayo yalihesabiwa miaka mingi kuwa kazi ya wageni. Umaarufu uliletwa na mtu mwingine: Mwanamfalme wa Wales, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme Edward wa Nane, alivaa sweta la Fair Isle akicheza gofu St Andrews mwaka 1922, na nusu ya Uingereza ikalitaka.

Magharibi ya kisiwa kikuu, huko Sandness, ukoo wa Jamieson una kiwanda cha kusokota kilichopo karibu kabisa na kondoo wenyewe. Huko mtu anaona sufu inavyotiwa rangi ikiwa bado haijasokotwa, rangi tatu nne zikachanganywa kupata moja, ndiyo maana kijani chao ukikitazama karibu kina chembe za manjano na buluu ndani. Njiani dereva wa teksi, naye mwenye kishamba, alinieleza kwamba kondoo wa asili wa Shetland hawakuwa wakikatwa manyoya. Mwanzo wa kiangazi sufu hulegea yenyewe, ikanyofolewa kwa vidole kama mtu anayenyonyoa kuku, isipokuwa mwenye manyoya huondoka mzima.

Siku ya mwisho niliingia duka dogo linalouza masweta yaliyofumwa kwa mkono na wanawake wa visiwani. Bei iliwashtua wageni wawili mbele yangu, wakatoka. Mimi nilipiga hesabu. Sweta la nakshi namna ile haliishi chini ya saa 100 hata kwa mikono yenye kasi. Kima cha chini cha mshahara Uingereza tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Hiyo ilikuwa pauni 1,221 kabla hujagusa gharama ya uzi, na bei iliyobandikwa pale haikufika nusu yake. Mwuzaji alisema wafumaji wengi ni wastaafu, wanafanya kwa kupenda. Nilinunua glovu, sikuomba kupunguziwa.

Usiku nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia habari ya chai. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na sukari je, waliwapa?" Tukacheka mpaka akakohoa. Halafu akataka kujua nimenunua uzi kiasi gani. Nikamwambia sanduku linafungwa kwa kulikalia.

"Unamfumia nani yote hayo, mwanangu?"

"Sijui bado, mama."

"Basi umetajirika," akasema. "Mimi kila uzi niliujua jina la mtu wake."

Uzi ule sasa uko pamoja na mwenzake chini ya kitanda, na nimeacha kuuombea radhi. Akiba ya uzi usio na mteja ni ushahidi kwamba mikono ya mwenyewe haidaiwi. Mama yangu hakuipata nafasi hiyo, wala akina mama wa vikapu mgongoni. Kilichobadilika kwangu ni bei. Kazini watu huniomba niwafumie kofia au sweta la mtoto, na hunitajia wenyewe kiasi: pauni kumi, labda kumi na tano. Nawajibu kwamba njia ni mbili. Walipe saa zangu zote kwa kima cha serikali, au nifume nikipenda na niwape zawadi. Wengi huchagua zawadi, nami hutoa kwa moyo mweupe. Ile bei ya katikati, ya kumlipa mfumaji kidogo ili aonekane amelipwa, ndiyo chai ya Lerwick. Na chai mimi ninayo nyumbani.